Re: Utosi wa mtoto wacheza cheza, nyanyake ataka kumkanda kichwa

Dadangu wa Shela huko kisiwani Lamu, kwanza tulia. Umesema mwanao ana miezi 4, utosi (pale palaini juu ya kichwa) wacheza cheza na nyanyake ashikilia akandwe kichwa kiwe cha mviringo. Huko kucheza si ugonjwa, ni mapigo ya damu tu chini ya ngozi.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, 8 yazunguka ubongo na 14 ni ya uso, sasa la mtoto ile ya juu haijashikana bado, imeachana kidogo, na hiyo mianya ndio utosi, ili kichwa kijibane wakati wa kuzaliwa na halafu ubongo upate nafasi, manake mwaka wa kwanza wakua mbio ajabu. Utosi mdogo wa nyuma huziba mapema, miezi 2 au 3 hivi, huu mkubwa wa mbele kwa wengi ni miezi 12 mpaka 18, wengine hata 24, so usiwe na presha.

Kukanda sasa... mwambie bibi kwa adabu, mafuta apake lakini asibonyeze (najua si rahisi kumwambia!). Kama kichwa kimebonyea upande mmoja mgeuze geuze, na akiwa macho mlaze kifudifudi ukimwangalia.

Utosi ukizama na anaharisha au hakojoi, maji yamempungua mwilini, usianze kumbandika majani, mpeleke hospitali. Ukivimba ukawa mgumu hata akiwa ametulia, tena ana homa au atapika, tafuta boti usiku huo huo muende mjini, usingoje kupambazuke.