Kwaresima yako aliifunga dada

Ukurasa wa Bibi Katekista: maswali ya wasomaji

*Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Bibi.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kimara, nafanya hesabu kwenye duka la vitambaa Kariakoo. Mwaka jana Jumatano ya Majivu nilitoka kanisani moyo unawaka. Nikamwahidi Mungu mambo sita: misa ya asubuhi kila siku, rozari nzima, kuacha soda, kuacha sukari kwenye chai, kufuta mitandao kwenye simu, na kutomsema mtu. Siku nane za mwanzo zilikwenda vizuri. Saa kumi na moja alfajiri natoka, dada wa kazi anabaki kuwaandaa watoto, nikitoka misa naunganisha kwenye basi la mwendokasi, rozari naisali nimesimama nimeshikilia chuma mpaka kituo cha Gerezani.*

*Ijumaa ya pili kazini kukawa na bethidei ya mwenzetu. Nikala chipsi kuku na soda juu, ndipo nikakumbuka kuwa leo Ijumaa. Jioni kwa hasira nikarudisha na mitandao. Mume wangu akanicheka: "Kwaresima yako imezimika na mshumaa wa keki." Sikurudia chochote hadi Pasaka, na Pasaka yenyewe nilikaa benchi la nyuma.*

*Mwaka huu jumuiyani mwenyekiti aligawa vikaratasi, kila mtu aandike azimio lake, tukavitia kwenye kikapu mbele ya msalaba. Mimi nilikunja karatasi tupu. Biblia inasema ni heri usiahidi kuliko kuahidi usitimize. Je, mwaka jana nilivunja nadhiri? Na hiyo karatasi tupu ni dhambi?*

*Mama Wawili, Kimara*

Milele, amina. Marahaba mwanangu.

Tuanze na hilo neno linalokunyima usingizi, tulimalize. Si kila analolisema mtu akiwa na majivu kwenye paji la uso ni nadhiri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1191, inasema nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu kwa makusudi na kwa hiari. Yaani mtu amekaa, amepima, anajua kabisa kwamba anajifunga. Na kitabu cha Mhubiri sura ya tano, yalikotoka hayo maneno ya Biblia unayoyataja, kinasema habari za nadhiri. Wewe ulikuwa na azimio, tena la mtu aliyetoka kanisani moyo unawaka, kama unavyosema mwenyewe. Ukiona bado una shaka, nenda kwa paroko. Nadhiri ya mtu binafsi anao uwezo wa kuiondoa kukiwa na sababu ya haki. Na yule kuku ulimla umesahau, hukumla kwa ubishi. Mtaje kwenye kitubio ukipenda, padre hatakuweka hapo muda mrefu.

Karatasi tupu si dhambi. Mwenyekiti hatakiwi kuvisoma vile vikaratasi, na kama anavisoma, basi yeye ndiye wa kuniandikia barua.

Kilichonisimamisha ni kipande ulichokipita mbio: "dada wa kazi anabaki kuwaandaa watoto". Yeye aliamka saa ngapi? Uji alipika nani, sare alipiga pasi nani, na mtoto alipokosa soksi moja alimlilia nani? Siku zote nane, mwanangu, Kwaresima yako aliifunga dada. Na barua nzima haisemi kama yeye alipata hata asubuhi moja ya kwenda kusali.

Usinune. Nimekukamata haraka kwa sababu na mimi nilikwisha kufanya hivyo hivyo.

Mwaka 1993 nilikuwa nimepanga Buguruni, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani bomba moja. Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja kama mwaka huu wa 2026. (Wajukuu zangu wanaona ni ajabu. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo baada ya miaka 33 hivi unakuwa umezunguka ukarudi palepale. Ukiishi sana utaviona vyote mara mbili.) Maji yalikuwa yanatoka usiku, saa nane, saa tisa, yanavyotaka yenyewe. Mama wa chumba cha mbele, mtu wa Kilwa, alikuwa anaamka kwa ajili ya daku, basi kila nikitoka nakuta ndoo zake sita zimeshatangulia.

Mimi nilikuwa katekista, na mdomo wangu ulijulikana hadi Mnyamani. Nikaweka azimio: siku zote za Kwaresima sitagombana na mtu bombani. Na kweli sikugombana. Nilimtuma binti yangu, ana miaka kumi, akasimame kwenye foleni badala yangu, mimi nimebaki chumbani na rozari, roho imetulia kabisa. Mtoto yuko gizani na ndoo, mama anajihesabia siku za utakatifu. Usiku wa tisa akarudi gauni limelowa, kuna mtu kamsukuma. Nikatoka na rozari mkononi hivyohivyo, nikaipiga teke ndoo ya kwanza niliyoikuta, maji yakamwagika uani kote, na niliyoyasema pale siwezi kuyaandika kwenye gazeti linalosomwa na waseminari.

Nami nikajiambia kama wewe: basi, imekwisha.

Jioni yake, adhana ya magharibi imeshalia, yule mama akaja mlangoni na bakuli la mihogo ya nazi. Akaliweka kwenye kigoda. Akasema, "Katekista, hebu niambie, nyinyi mnafunga nini hasa? Mchana nakuona unakula. Usiku nakuona unapiga ndoo teke." Nilitafuta jibu la katekisimu, sikulipata. Nikacheka, akacheka, tukala ile mihogo. Tangu siku hiyo maji yakianza ananigongea dirisha, na akipitiwa na usingizi mimi namgongea asikose daku. Tuligombana tena, mara mbili kama sikosei, kabla ya Dominika ya Matawi, ile Jumapili ya kabla ya Pasaka. Kila mara nilikwenda mlangoni kwake asubuhi ileile, kabla ya chai. Binti hakutumwa tena foleni ya usiku.

Swali lake nimelibeba mpaka leo, maana ni swali zuri. Tunafunga nini hasa? Kwa sheria ni kidogo sana, na aliyekaa nyumba moja na mtu anayefunga kuanzia alfajiri hadi magharibi analiona hilo bila kuambiwa. Siku za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo. Ijumaa hatuli nyama, na siku ya majivu vilevile. Basi. Sehemu kubwa iliyobaki Kanisa limemwachia kila mtu aijaze mwenyewe kwa sala, kujinyima na sadaka, yale matatu ya Mathayo sura ya sita tunayosomewa siku ileile ya majivu. Ndiyo maana napenda azimio liwe na akili. Tukiachiwa nafasi wazi sisi huijaza kama shangazi anayepanga sanduku la kwenda kijijini, kila kitu ndani, halafu zipu inakataa.

Haya, tupange upya. Andika jambo moja, na kabla ya kuliandika jiulize nani atalilipia. Kama mimi ndiye wewe, ningechukua asubuhi mbili za wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, ambapo wewe unapika uji na kutafuta soksi, na dada anakwenda misa. Kama si Mkristo, alale. Kumlaza mtu aliyechoka nako nakuhesabu. Misa ya asubuhi nenda siku ambayo haimgharimu mwingine usingizi.

Rozari ya kwenye mwendokasi endelea nayo, haimsumbui mtu. Ila punguza. Kutoka Kimara mpaka Ubungo fungu moja la Salamu Maria kumi linatosha kabisa, na mkono mmoja ubaki kwenye mkoba, watu wa mle ndani hawaangalii kama unasali.

Soda ni sawa kuiacha, lakini ile pesa ilikwenda wapi mwaka jana? Soda ya shilingi 800 kwa siku arobaini ni shilingi 32,000. Isipoingia kwenye bahasha ya Kwaresima, au kwenye mkono wa mtu mwenye shida, umepunguza sukari tu, na daktari wako atakupongeza. Kuhusu Dominika, najua litafuata swali: ukihesabu kuanzia Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Dominika ni sita, hazimo kwenye arobaini. Kwa hiyo Dominika unywe soda yako, tena baridi. Wapo watakaokwambia mtu wa kweli haachii hata Dominika. Waache na ukali wao, wewe una watoto wa kulea.

Ukiteleza tena Ijumaa ya pili, Jumamosi unaamka na uji unapika kama kawaida. Huanzi upya kuhesabu, wala humtangazii mtu. Na huyo baba watoto aliyekucheka, mwambie Bibi anauliza azimio lake yeye ni lipi.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni dereva wa bodaboda, Magomeni. Siku hizi samaki ni bei kuliko nyama. Na rafiki yangu kila Ijumaa anakwenda Feri, anakula pweza na kamba mpaka anasahau nyumbani. Yeye amefunga na mimi niliyekula supu ya utumbo sijafunga?*

*Boda wa Mapipa*

Marahaba. Wewe umekula nyama, utumbo hauna sheria yake peke yake. Rafiki yako kisheria hajavunja kitu, ingawa sidhani kama hata yeye anaamini kuwa amejinyima.

Kanisa lilikataza nyama, halikuagiza samaki. Wengi tunachanganya hapo. Maharage yapo, dagaa wapo, mchicha wa nazi upo, na ugali haujawahi kuwa nyama. Katazo la nyama linaanza mtu akitimiza miaka 14, kwa hiyo huna pa kujificha. Ila siku zile mbili za kufunga kabisa, usiendeshe pikipiki kichwa kinazunguka. Ule mlo wako mmoja kamili uuweke mchana, kabla ya foleni za jioni.

*Bibi mwenzangu, nina miaka 67 na kisukari. Daktari amenikataza kukaa na njaa. Jumuiyani wakisimulia wanavyofunga mimi nanyamaza, najiona nimebaki nje ya Kwaresima.*

*Bibi wa Temeke*

Mwenzangu, sheria ya kufunga inamshika mtu kuanzia miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Mimi na wewe tulishatoka zamani, hata bila kisukari. Na mgonjwa haambiwi akae na njaa, awe na umri wowote. Kula kwa saa kama alivyokwambia daktari. Sisi tuliozoea kula pale tunapokumbuka, hilo nalo ni zoezi. Njia ya Msalaba ina vituo 14. Usipige magoti vyote, vingine visikilize umekaa. Na wanaosimulia kufunga kwao jumuiyani, waulize kwa upole kama siku ya majivu walichelewa kufika wakaikosa ile Injili inayosema ukifunga usijionyeshe kwa watu.

*Tumsifu Yesu Kristo Bibi. Mdogo wangu anaoa wiki moja baada ya Pasaka. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi. Vikao vyetu ni kila Ijumaa saa moja jioni, kwenye baa moja hapa Tabata, na mwenyekiti anataka kila kikao kiwe na nyama choma, anasema bila nyama watu hawatoi michango. Nimeweka azimio la kuacha bia. Nifanyeje?*

*Katibu, Tabata*

Milele, amina. Mwanangu, kamati ya harusi ya Mkatoliki inayokula nyama choma Ijumaa za Kwaresima ili michango ya kwenda kufunga ndoa kanisani itoke! Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikamwita na jirani.

Wewe ndiye katibu, na anayeandika tarehe kwenye mwaliko ni katibu. Andika Alhamisi. Mwenyekiti akiuliza, mwambie Ijumaa jioni wajumbe wengi wako kwenye Njia ya Msalaba, na asipoamini aje awahesabu parokiani. Bia usiitangazie meza nzima kuwa umeacha, agiza maji ukae upande wa mweka hazina, pale hamna anayeangalia glasi, wote wanaangalia daftari. Na usiache kunitumia kadi. Ya mtu mmoja inatosha, nitakuja peke yangu.