Kovu liulizwe kwanza

Wadogo zangu mnaoanza zamu hapa Tabora, antena za nje, vile vyuma vya kushikilia mfupa uliovunjika vinavyotokeza nje ya ngozi, hazisahauliki. Mtu aliyefungwa antena mguuni hata suruali haimwingii. Kazi iko kwa chuma au mpira uliowekwa ndani ukafunikwa na ngozi.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo, ana jipu pajani. Nikalipasua, nikaandika dawa, nikaita mwingine. Baada ya mwezi akarudi, jipu palepale. Nikabadilisha dawa. Mara ya tatu akaangukia kwa muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, ambaye jipu hakuligusa. Alimlaza, akapandisha kaptula, akafuata kwa kidole kovu refu lililofifia ubavuni mwa paja. Mimi sikuliona kwa sababu mara zote mbili nilimtazama akiwa amekaa kwenye benchi.

"Mzee wangu, hapa palikuwa na nini?"

"Hapo ni pikipiki, mwanangu. Mwaka wa saba huu. Walinitia chuma, pakapona."

Nami nilikuwa nimemuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji, akajibu hapana. Hakunidanganya, kwake upasuaji ni wa tumbo. Siku hizi nauliza: "Kuna chuma, mpira au wavu uliobaki ndani?" Kisha nguo zinavuliwa, hata kama foleni imefika getini.

Eksirei ilionyesha sahani, yaani bamba la chuma la kushikilia mfupa, na skrubu zake, na mbili kati ya hizo zimezungukwa na ukanda mweusi. Hapo mfupa umeliwa, skrubu imelegea. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi, hung'ang'ania chuma na kujifunika utando ambao dawa haiumalizi. Dozi inakausha usaha, tundu linaziba, mgonjwa anakushukuru, halafu linafumuka tena. Kwa hiyo tundu linaloziba na kufumuka karibu na kovu la mfupa lihesabuni kuwa ni la chuma mpaka ionekane vinginevyo, na mpelekeni kwa daktari wa mifupa kabla ya dozi ya tatu. Msipoteze muda kupangusa usaha wa juu na kuupeleka maabara. Mtaletewa majina ya vijidudu vya ngozini. Sampuli ya kuaminika inatoka chini, jirani na mfupa, inachukuliwa thieta, chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa ameacha antibayotiki kama wiki mbili, ikiwa hali yake inaruhusu.

Lakini msianze kumtisha kila mwenye chuma. Ifikapo Juni, baridi ya usiku ikianza, watakuja wengi wakitaka kitolewe kwa sababu "kinavuta baridi". Mmoja aliniuliza kama radi itamfuata shambani. Mfupa ukishaunga na chuma kimetulia, mara nyingi kinaachwa. Kukitoa ni operesheni nyingine, na matundu ya skrubu huuacha mfupa dhaifu kwa muda, unaweza kuvunjika upya. Mwenye kunitia wasiwasi ni yule ambaye mfupa haukuunga: sahani inapindwa kidogo kila hatua, inachoka, siku moja inakatika.

Mpira wa njia ya mkojo, ule wa kutoka figo hadi kibofu, hauna uvumilivu huo. Kwa kawaida unatolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3 hadi 6. Nilimpokea mama aliyetibiwa U.T.I. mara nyingi, mkojo una damu. Kwenye picha mpira wake ulikuwa na mawe ncha zote mbili, kama muhogo uliong'olewa na udongo wake: chumvi za mkojo zilikuwa zimeganda juu yake kwa zaidi ya miaka miwili. Wa namna hiyo hauvutwi kwa nguvu, hukatikia ndani. Aliambiwa "urudi kliniki", hakuambiwa ana mpira, na ulikuwa msimu wa kupalilia.

Basi kwenye kadi ya mgonjwa andikeni kwa Kiswahili: ana nini, upande gani, mwisho wa kukitoa lini. Na daftari la wodi liwe na namba mbili za simu, yake na ya jirani mwenye duka, maana laini hubadilishwa.