Picha moja kila siku hapa Tanga: simama pale pale

Mkuu mleta uzi, umesema umeanza kupiga picha moja kila siku, hata mwezi haujaisha umeishiwa, Tanga unaiona ile ile na sasa unawaza kununua kamera. Kamera iache dukani kwanza, simu yako inatosha. Kinachokuchosha ni kusaka mahali papya kila kukicha. Chagua mahali pamoja na saa moja, usihame.

Mimi nakaa Sahare. Napiga ufukweni, upande ule ule, saa nne asubuhi, na ni miaka sasa. Watu huniuliza bahari ina kipi kipya. Maji ya pwani hayaji saa ile ile kila siku, huchelewa kama dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa nne ndiyo maji yametoka kabisa, miamba iko nje. Kina mama wametawanyika na nondo zao wakitafuta pweza, wengine wanatanda uduvi, watoto wanaokota kombe. Rudi baada ya wiki, siku za maji mafu, yaani maji hayajai sana wala hayatoki sana: saa nne hiyo hiyo bahari imejaa, tena kujaa kwenyewe kwa uvivu, ngalawa zinaelea na pwani haina mtu. Wavuvi wazee wanayajua haya bila kutazama saa. Mimi niliyaona vizuri nilipozipanga picha za mwezi mzima pamoja.

Halafu kuna pepo za msimu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, picha zangu zimejaa matanga ya vyombo. Kusi ikikaza mwezi wa sita na wa saba, ngalawa nyingi zimepandishwa juu. Masika nayo, Mto Zigi unashusha tope na maji yanageuka chai ya maziwa. Ungekuwa unazunguka mji mzima kutafuta picha nzuri, ungepishana na yote haya.

Kama uko mbali na bahari, chukua mti. Mkrismasi unatosha: mwishoni mwa mwaka ni mwekundu wote, kiangazi unapukutisha. Au meza moja ya matunda Ngamiani, uone machungwa ya Muheza yakiingia na kuondoka.

Kuhusu watu, piga hodi kwanza. Kina mama wa pweza waliniambia wazi, "Mwanangu, piga maji, sisi tuache," na nimewaheshimu, kwa hiyo kwangu wanaonekana kwa mbali, migongo tu. Bandarini na penye askari usiinue simu kabisa.

Usipige kumi ukachagua moja. Jamie Livingston wa New York alipiga Polaroid, ile picha inayotoka papo hapo kwenye kamera, moja kwa siku tangu 1979 hadi siku aliyofariki mwaka 1997, na nyingi ni za mambo ya kawaida kabisa: chakula, marafiki, chumba. Ndiyo maana zinaaminika. Wapiga picha wa harusi humu watanibishia, sawa tu.

Kila picha iandikie mstari mmoja: maji yakoje, upepo gani, pweza kauzwa bei gani. Bei ndiyo utakayoifurahia zaidi baadaye, niamini.

Kuhifadhi: usitegemee WhatsApp. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na taarifa za tarehe na mahali zinafutwa. Tuma kama dokumenti. Google Photos nayo, tangu Juni 2021, picha mpya zinahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure, kwa hiyo tafuta diski ya nje au hata fleshi mbili, moja ikae kwa ndugu.

Wewe unakaa upande gani, Raskazone, Chumbageni au kule Pongwe? Taja na saa unayokuwa na nafasi, na kama ni karibu na bahari nikuambie utakuta maji gani.