Jibu: Moshi wa alfajiri Tanga umetoka wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama setilaiti inaweza kukuonyesha ulikotoka moshi uliotanda Raskazone alfajiri. Inaweza, ila usitazame picha ya asubuhi hiyo tu. Fungua Worldview, tovuti ya NASA ya picha za setilaiti, ni bure, rudi hadi jana yake mchana, kisha washa alama za moto za VIIRS, kifaa cha kupiga picha kilicho kwenye setilaiti kadhaa. Setilaiti hizo hupita kwetu kama saa saba na nusu, mchana na usiku. Kila alama nyekundu ni eneo la mita 375 lenye joto kali, si ukubwa wa moto wenyewe. Watu wengi hushtuka bure hapo. Moshi huanza mwembamba kwenye alama, kisha hutanuka kufuata upepo, rangi ya kijivu na kingo zisizoeleweka. Wingu ni jeupe na huangusha kivuli.

Sasa upepo. Msimu wa kusi, mchana upepo husukuma moshi bara, kuelekea Korogwe. Usiku upepo wa umande unavuma kutoka nchi kavu, ndiyo maana mnaamka nao. Kwa hiyo mimi ningetafuta alama upande wa Muheza kwanza. Moshi wa usiku wenyewe hutauona kwenye picha za kawaida, zinahitaji jua.