Gesi ya friji na chumvi ya Lindi

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hapa Lindi. Kijana wangu wa sekondari anasema klorini ya gesi ya friji inaharibu ozoni, ile gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua, na kwamba chumvi nayo ina klorini. Mbona basi sisi hatulaumiwi? Na gesi ile si nzito kuliko hewa, inapandaje?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba. Chumvi yako haifiki huko juu iliko ozoni. Upepo huirusha, lakini ikikutana na mvua au umande inayeyuka na kurudi chini. Hapa Mikindani naiona kwenye mabati: upande unaotazama bahari ndio unaoanza kuliwa na kutu.

R-12, gesi ya friji za zamani, mvua haiioshi, haiungui, wala haishikani na kitu. Ndiyo maana mafundi tuliipenda. Ni nzito kweli. Ukiifungulia ndani inatambaa sakafuni. Ikishatoka nje, pepo huikoroga na hewa kama sukari kwenye chai, hairudi tena kutuama. Miaka inapita, inafika kilomita 20, 25 na kupanda. Huko jua lina mionzi mikali ya urujuanimno ambayo huku chini haitufikii kabisa, kwa kuwa ozoni huizuia. Mionzi hiyo huichana molekuli, atomu ya klorini ikachomoka. Florini hubaki, imeshikwa na kaboni kwa nguvu zaidi.

Klorini ikiwa huru huipora ozoni atomu moja ya oksijeni, huiachia kwa oksijeni nyingine inayopita, kisha iko huru tena. Atomu moja yaweza kuangamiza hata molekuli 100,000 za ozoni. Wanakemia Molina na Rowland waliyaeleza haya mwaka 1974; shimo la ozoni juu ya Antaktika likatangazwa 1985.

Jambo hili linaniuma. Mwaka 1989, nikijifunza kazi, friji mbovu ikiletwa tulikata tu mrija wa shaba. Gesi ilitoka ikipiga mluzi, bila harufu, mafuta ya kompresa yakidondoka mchangani. R-12 hudumu hewani kama miaka 100. Nyingi ya ile niliyoiachia ingali huko.

Soma kibao cha nyuma ya friji yako. R-134a na R-600a, gesi za friji za baadaye, hazina klorini. Ukikuta R-12, au R-22 ambayo nayo ina klorini, usikubali fundi aifungulie hewani. Aje na mashine na mtungi wa kukusanyia. Kama hana, niletee mimi Mikindani.