Je, Meza ya Bwana ilitoka kwa Mithras?

SWALI: Mhariri, binamu yangu anayesoma chuo kikuu hapa Nairobi anashikilia kwamba Wakristo wa kwanza walinakili dini za siri za Warumi, hasa ya mungu Mithras: kuzaliwa na bikira, ufufuo, hata Meza ya Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa na nilikosa jibu. Je, ni kweli? – Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu msomaji, madai ya bikira na ya ufufuo hayana msingi. Katika sanamu walizochonga wafuasi wake, Mithras hutoka ndani ya mwamba akiwa tayari kijana, na anayekufa katika simulizi lake ni fahali, si yeye.

Suala la mlo ni zito zaidi. Justino Shahidi, mwandishi Mkristo, akiandika Roma yapata mwaka 155, anakiri kwamba waliojiunga na dini ya Mithras walipewa mkate na kikombe cha maji, kisha anadai kwamba pepo wabaya ndio waliowaiga Wakristo. Habari ya pepo mwanahistoria hana namna ya kuipima, lakini tarehe anaweza kuzipima. Paulo aliwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, akisema kwamba habari ya mlo ule naye aliipokea. Ilhali mahekalu ya Mithras katika Dola la Roma yanaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 1. Chimbuko lililo karibu zaidi ni Pasaka ya Kiyahudi, ambayo Injili zenyewe zinaitaja.

Hata hivyo, usimjibu binamu yako kana kwamba Wakristo wale waliishi kisiwani. Kenkrea, bandari ya Korintho, ilikuwa na hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri aliyekuwa na dini yake ya siri, na Paulo anawakemea waumini waliokwenda kula katika mahekalu ya sanamu, jambo ambalo asingelitaja kama halikuwapo.

Dai la binamu yako lina nguvu zaidi kuhusu karne zilizofuata. Klementi wa Aleksandria, mwalimu Mkristo wa huko Misri, mwishoni mwa karne ya 2, aliwaalika Wayunani kwa Kristo kwa kutumia lugha ya dini zao za siri, na kufikia karne ya 4 kanisa la Yerusalemu lilikuwa likiwaficha wanafunzi wa ubatizo maana ya Meza ya Bwana, likiwafafanulia katika juma la Pasaka, baada ya kubatizwa.