Ufa wa Dashibodi Hutibiwa kwa Nyuma

SWALI: Gari langu dogo lina umri wa zaidi ya miaka 20 na hushinda juani kutwa. Dashibodi yake imepasuka sentimita 20 hivi, kuanzia kwenye tundu la hewa kuelekea kioo cha mbele. Nimepaka supagluu mara mbili, na mara zote ufa umefunguka kabla ya mwezi kwisha. Je, ninunue dashibodi ya mtumba? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue kwanza, kwa kuwa hiyo ya mtumba nayo huenda imeota jua miaka kama yako. Supagluu ikikauka huwa ngumu isiyopinda, ilhali plastiki ya dashibodi hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na gundi iliyoshika kingo mbili nyembamba haistahimili mvutano huo. Nguvu ya kiraka lazima itoke nyuma. Upande wa mbele ni wa sura tu.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika 10, hasa kama gari lina mfuko wa hewa upande wa abiria. Ikiwa ufa unapita kwenye kifuniko cha mfuko huo, usiuguse kabisa, kwani kifuniko kilichoimarishwa huenda kisifunguke kinavyotakiwa siku ya ajali.

Dashibodi ikishatoka, tafuta mgongoni mwake maandishi madogo ya ABS au PP, yanayotaja aina ya plastiki. Ukiyakosa, paka tone la asetoni mahali pasipoonekana: ABS hulainika na kunata, PP haibadiliki. Wapo wanaotumbukiza kipande majini waone kama kitaelea, lakini mimi siliamini jaribio hilo, kwa sababu PP ya dashibodi mara nyingi huchanganywa na unga wa talki, nayo huweza kuzama.

Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee. Kama ni ABS, loweka vipande vya plastiki ya aina hiyo hiyo katika asetoni, nje na mbali na moto, mpaka viwe kama uji mzito. Kwaruza mgongo kwa msasa namba 80, tandika kitambaa cha faibaglasi kinachovuka ufa pande zote, ukipake uji huo, kisha ukiache siku mbili. Kama ni PP, asetoni haina kazi: zamisha wavu mwembamba wa chuma cha pua ndani ya plastiki, mgongoni mwa ufa, kwa kile chuma cha kulehemu cha mafundi redio, halafu uyeyushie juu yake vipande vya bampa chakavu lenye andiko la PP, pasipo kukandamiza hadi joto litokeze mbele.

Kwa mbele, jaza kwa epoksi ya plastiki, piga msasa namba 240 na 400, kisha rangi nyeusi isiyong'aa. PP ipakwe kwanza praima ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka. Mikunjo ile inayofanana na ngozi haitarudi, na fundi anayekuahidi kuirudisha kwa rangi peke yake anakudanganya.